Kabla fundi hajafungua ‘poti’ ya simu ya intaneti nyumbani kwako

Mbeya/Iringa. Wazazi wengi wa Nyanda za Juu Kusini wanalea pande mbili kwa wakati mmoja. Watoto wako nyumbani Mbeya, wazee wako Iringa, au kinyume chake. Kati ya miji hiyo kuna zaidi ya kilomita 300 za barabara ya TANZAM, hivyo homa ya mtoto au shinikizo la damu la bibi huanza kushughulikiwa kwa simu kabla mtu hajapanda basi.

Ndiyo maana baadhi ya familia zenye intaneti ya nyumbani zimerudi kwenye simu ya mezani, lakini kwa njia mpya. Kifaa kidogo kinachoitwa adapta huchomekwa kwenye ruta ya intaneti upande mmoja, na simu ya kawaida yenye vitufe vikubwa upande wa pili. Bibi mwenye mtoto wa jicho au mikono inayotetemeka hana haja ya kutelezesha kidole kwenye kioo. Simu inaita, anainua mkonga, anaongea.

Tatizo huanza simu inapokataa. Unapiga wewe inatoka, lakini ukipigiwa haiiti. Au inaita, mnaongea, na upande mmoja hausikii kitu. Fundi akiitwa, jibu la haraka mara nyingi ni moja: “Tufungue poti kwenye ruta.”

Mzazi, kabla hujakubali na kulipia kazi hiyo, kuna mambo matatu ya kujua. Mara nyingi haihitajiki. Kwa wengi wanaotumia intaneti ya laini ya simu, haiwezekani. Na pale inapowezekana, ikifanywa ovyo huacha nyumba yako wazi kwa watu usiowajua. Liko pia jambo la nne, ambalo kwa familia yenye mtoto mdogo, mjamzito au mzee ndilo kubwa kuliko yote: simu hiyo isiwe tegemeo lako pekee usiku wa dharura.

Ruta ni kama mlinzi wa geti

Ruta yako hufanya kazi kama mlinzi wa geti la shule ya bweni. Mwanafunzi akiandika barua kwenda nje, mlinzi hukumbuka ni nani ameandika na kwa nani, hivyo jibu likirudi hulipokea na kumfikishia. Mgeni ambaye hakuitwa na yeyote hubaki nje.

Simu janja, runinga na adapta zote nyumbani zinatumia mlinzi huyo mmoja. Kila kifaa kina namba yake ya ndani, kwa kawaida inayoanza na 192.168, lakini kwa ulimwengu wa nje nyumba nzima huonekana kwa namba moja ya IP. Poti ni namba za milango ya namba hiyo. Simu nyingi za intaneti hutumia utaratibu unaoitwa SIP, ambao mlango wake wa kawaida ni poti 5060. Sauti yenyewe hupita kwenye poti nyingine.

Kuelekeza poti, au ‘poti fowadingi’ kwa lugha ya mafundi, ni kumwambia mlinzi hivi: yeyote atakayegonga mlango huu, hata kama hatukumwita, mpeleke moja kwa moja kwenye adapta.

Adapta iliyosajiliwa kwa kampuni ya simu za intaneti kwa kawaida haihitaji ruhusa hiyo. Yenyewe ndiyo huanza kutoka nje, inajitambulisha kwenye mtambo wa kampuni, na njia ya kurudi hubaki wazi kwa ajili ya mtambo huo. Simu za WhatsApp nazo hutoka ndani kwenda nje kwa namna inayofanana na hiyo, na ndiyo maana hakuna aliyewahi kukuomba ufungue poti ili uzipokee.

Kwa nini basi haiiti?

Tatizo kubwa ni kwamba mlinzi husahau. Ruta nyingi huifuta kumbukumbu ya mazungumzo yaliyotulia baada ya muda mfupi, wakati mwingine chini ya dakika moja. Adapta ikikaa kimya, njia ya kurudi hufungwa. Ukipiga wewe, njia hufunguka upya na simu inatoka. Ukipigiwa, simu huishia getini.

Dawa yake ni kuiambia adapta iwe inatuma ishara ndogo kila baada ya sekunde 20 au 30 ili njia ibaki hai. Mpangilio huo upo kwenye ukurasa wa adapta yenyewe, karibu na sehemu ya NAT. Hakuna poti inayofunguliwa.

Tatizo la pili, la mmoja kutosikia, mara nyingi linatokana na kipengele cha ruta kinachoitwa SIP ALG. Kiliwekwa kusaidia simu za intaneti, lakini kwenye ruta nyingi huvuruga anwani zilizomo ndani ya ujumbe wa simu, na sauti ikapotelea njiani. Mwambie fundi akizime kwanza, kisha awashe upya ruta na adapta, mjaribu tena. Kisiposaidia, adapta nyingi zina mpangilio uitwao STUN, unaoisaidia kujua namba ya nje ya nyumba na kuitaja kwa usahihi.

Tatizo la tatu ni sauti inayokatikakatika. Hilo halihusiani na poti kabisa. Simu moja yenye sauti ya kiwango cha kawaida hutumia takriban kilobiti 87 kwa sekunde kila upande, sawa na kama MB 80 kwa saa ya maongezi. Ni kidogo, lakini haivumilii foleni. Mtoto akiwa anapakua gemu wakati bibi anaongea, sauti itakatika. Baadhi ya ruta zina mpangilio wa kuipa adapta kipaumbele, utumie.

Ruta ya laini ya simu: usilipie kisichowezekana

Nyumba nyingi za Mwanjelwa, Uyole, Ipogolo au Kihesa hazina waya wa faiba. Zinatumia ruta ndogo yenye laini ya mtandao wa simu. Hapo kuna jambo ambalo mteja hupaswa kuambiwa mapema.

Namba za IP za mfumo wa zamani, ambao bado unatumika sana, ni takriban bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima, na zimeshapungukiwa. Kampuni za simu duniani hukabili uhaba huo kwa kuwaweka wateja wengi nyuma ya namba moja ya nje. Maana yake, juu ya mlinzi wa geti lako kuna mlinzi mwingine wa kampuni, ambaye wewe wala fundi wako hamna funguo zake. Hata mkifungua poti zote za ruta ya nyumbani, mgeni hatafika, kwa sababu amezuiwa geti la juu.

Kujua uko upande gani huchukua dakika mbili. Fungua ukurasa wa ruta na utafute namba yake ya IP ya upande wa nje, inayoandikwa WAN. Ikianza na 10, na 192.168, na 172.16 hadi 172.31, au na 100.64 hadi 100.127, uko nyuma ya geti la pamoja. Njia nyingine ni kulinganisha namba hiyo na ile inayoonyeshwa na tovuti za kutambua IP ukiwa kwenye Wi-Fi ya nyumbani. Zikitofautiana, jibu ni lilelile.

Ukikuta hivyo, usimlipe mtu akufungulie poti. Tumia njia ya ishara za mara kwa mara iliyoelezwa hapo juu, au iulize kampuni yako kama inatoa namba ya IP ya peke yako na kwa gharama gani.

Mlango ukiachwa wazi, nani hugonga?

Duniani kuna programu zinazozunguka mchana na usiku zikijaribu kila namba ya IP, moja baada ya nyingine, kuona wapi poti 5060 iko wazi. Hazijui kama nyumba yako iko Gangilonga au Soweto, na hazijali.

Dalili ya kwanza huwa ni kero. Simu ya mezani inaita saa nane usiku, kioo kinaonyesha namba za ajabu kama 100 au 1001, na ukiinua mkonga hakuna mtu. Ikiita mara tano kwa usiku mmoja, aliyelala chumba cha pili ndiye anayelipa. Miongozo ya wataalamu wa usingizi inasema mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 za usingizi kwa siku, na kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10. Mtoto anayeamka saa 11 alfajiri kuwahi shule hana saa za ziada za kupoteza. Kwa bibi anayeishi peke yake, simu ya usiku wa manane huleta hofu ya habari mbaya hata kabla hajaipokea.

Dalili ya pili huonekana kwenye bili. Wezi wakikisia nywila ya adapta, hupiga kupitia akaunti yako kwenda namba za ng’ambo zenye gharama kubwa. Ndiyo maana akaunti ya malipo ya kabla, yenye kiasi kidogo ndani yake, ni salama kuliko ile ya kulipa mwisho wa mwezi.

Dalili ya tatu haionekani kabisa. Mwaka 2016 programu hasidi iliyopewa jina la Mirai ilivamia kamera na ruta nyingi duniani kwa njia rahisi sana: ilijaribu nywila zilizowekwa kiwandani, ambazo wenye vifaa hawakuwahi kuzibadilisha. Novemba mwaka huohuo, shambulio la ukoo huo kupitia poti iliyokuwa wazi liliharibu huduma kwa takriban wateja 900,000 wa kampuni ya Deutsche Telekom nchini Ujerumani. Wengi walikosa intaneti, na kwa kuwa simu zao za nyumbani zilipita kwenye ruta hiyohiyo, walikosa na simu.

Somo hilo linahusu pia kamera ya chumba cha mtoto. Fundi anayefungua poti ya adapta leo anaweza kuombwa kesho kufungua ya kamera. Kifaa kimoja kikiingiliwa, mvamizi yuko ndani ya uzio, pamoja na simu na kompyuta za watoto.

Kama ni lazima, kifanyike hivi

Zipo hali chache ambazo kuelekeza poti kunahitajika, kwa mfano kama umeweka mtambo wako mdogo wa simu nyumbani au kwenye zahanati, au kama mwongozo wa huduma yako unasema wazi kuwa inahitajika. Kaa na fundi na muhakikishe haya kwa mpangilio.

Kwanza, badilisheni nywila ya ruta na ya adapta. Zile za kiwandani zinajulikana na kila mtu. Isiwe jina la mtoto wala mwaka wake wa kuzaliwa.

Pili, ipeni adapta namba ya ndani isiyobadilika. Bila hivyo, umeme ukikatika na kurudi, ruta inaweza kuipa namba nyingine, na mlango mliofungua ukaelekea kwenye runinga.

Tatu, fungueni poti zinazotajwa kwenye mwongozo wa kifaa chenu tu, kwa aina inayotajwa, ambayo kwa SIP mara nyingi ni UDP. Poti za sauti hutofautiana. Baadhi ya adapta za Linksys, kwa mfano, hutumia 16384 hadi 16482. Msinakili namba za kifaa cha jirani.

Nne, kama ruta inaruhusu, wekeni sharti kwamba anayepita mlango huo awe mtambo wa kampuni yenu ya simu peke yake. Hatua hii moja huondoa karibu wagongaji wote wa usiku.

Tano, msikubali njia ya mkato ya DMZ. Hiyo huelekeza milango yote kwa kifaa kimoja. Zimeni pia UPnP, ambayo huruhusu vifaa vijifungulie milango bila wewe kujua.

Sita, andikeni kwenye daftari ni poti zipi zimefunguliwa, tarehe na sababu. Huduma ikisitishwa, zifungwe siku hiyohiyo.

Na tahadhari ya kisheria. Mtu akikuomba uweke nyumbani kwako kifaa chenye nafasi za laini nyingi za simu, akuahidi kukulipa kila mwezi kwa kutumia intaneti yako, kataa. Vifaa vya namna hiyo hutumika kupitisha simu za kimataifa kinyemela, na kuendesha mitambo ya mawasiliano bila leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) kumewafikisha watu mahakamani.

Usiku wa dharura

Sasa tuje kwenye lile kubwa. Simu za mezani za zamani za waya wa shaba zilipata umeme wake kutoka kituo cha simu, takriban volti 48, hivyo ziliita hata nyumba ikiwa gizani. Adapta haina bahati hiyo. Umeme wa TANESCO ukikatika, ruta inazima, adapta inazima, simu inakufa.

Katika mikoa yetu mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, mara nyingi zikiambatana na radi. Wengi huchomoa ruta radi zinapoanza, na wanafanya vizuri. Lakini wakumbuke kwamba wamechomoa na simu. Betri ndogo ya akiba ya ruta husaidia umeme unapokatika. Haisaidii ukiwa umechomoa kwa sababu ya radi.

Tatizo la pili ni namba za dharura. Namba fupi kama 112 na 115 hapa kwetu zimepangwa kwenye mitandao ya ndani ya nchi. Kama adapta ya bibi imetumwa na mwanawe aliyeko Uingereza na ina namba ya huko, akipiga 112 anaweza kupokelewa na mtu wa Uingereza, kwa sababu namba hiyo ni ya dharura huko pia. Akipiga 115 huenda asifike popote.

Hili si jambo la kufikirika. Mwaka 2008 mjini Calgary, Canada, familia moja ilipiga simu ya dharura kwa simu ya intaneti kwa ajili ya mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Gari la wagonjwa lilitumwa kwenye anwani yao ya zamani huko Mississauga, upande mwingine wa nchi, kwa sababu ndiyo iliyokuwa kwenye kumbukumbu za kampuni. Jirani alipiga kwa simu ya kawaida na msaada ukafika, lakini mtoto alifariki. Marekani ilikuwa imeshaziamuru kampuni za simu za intaneti, mwaka 2005, kuwaunganisha wateja wao na huduma ya dharura baada ya watu kupiga na kutofika.

Kwa hiyo adapta iwe simu ya maongezi ya kila siku. Kwa dharura, iwepo simu ya mkononi ya kawaida, ile ya vitufe, yenye laini ya hapa nchini na chaji, mahali panapojulikana na kila mtu wa nyumba, akiwamo mtoto mkubwa na dada wa kazi.

Karatasi ya ukutani

Andika namba hizi kwa herufi kubwa, ubandike karibu na simu, hapo kwako na kwa wazee:

112, Polisi.

114, Zimamoto na Uokoaji.

115, usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga kupitia mfumo wa m-mama.

116, huduma ya simu kwa mtoto, kwa taarifa za ukatili au mtoto aliye hatarini.

199, kituo cha simu cha Wizara ya Afya kwa ushauri na taarifa za afya.

Chini yake andika namba ya zahanati au hospitali iliyo karibu, na ya dereva wa bodaboda au teksi unayemwamini. Kisha andika anwani ya makazi: mtaa, barabara na namba ya nyumba, pamoja na alama inayojulikana kama shule, kanisa au msikiti. Mtu mwenye hofu husahau hata jina la mtaa wake.

Ongeza na dalili za kutosubiri. Mtoto mchanga anayekataa kunyonya, anayepata degedege, aliyelegea, mwenye joto la nyuzi 37.5 au zaidi, au wa baridi isivyo kawaida, apelekwe hospitali mara moja. Hesabu pumzi kwa dakika nzima mtoto akiwa ametulia. Pumzi 60 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, 50 au zaidi kwa wa miezi miwili hadi 11, na 40 au zaidi kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, ni pumzi za haraka zinazohitaji kuonwa na mtoa huduma za afya. Mbavu zikibonyea ndani anapovuta pumzi, usingoje asubuhi.

Jumamosi hii, tenga nusu saa. Zima swichi kubwa ya umeme uone ni simu ipi nyumbani inabaki hai. Ipigie simu ya bibi, kisha mwambie naye akupigie. Mkisikilizana pande zote mbili, acha ruta kama ilivyo. Isipokubali, anza na ishara za mara kwa mara na kuzima SIP ALG. Poti iwe ya mwisho, na fundi akiifungua, muwe wote wawili mbele ya ukurasa wa ruta.